Magari makubwa ya bei nafuu: Kutoka Biscayne hadi mchomoko

MWAKA 1958 kampuni ya Chevrolet ya Marekani ilizindua Biscayne, gari kubwa lisilo na mapambo mengi, ambalo lilipendwa na polisi na wenye teksi kwa sababu ya bei yake nafuu.

Afrika Mashariki, nafasi kama hiyo ilishikwa na gari dogo zaidi kutoka Ufaransa, Peugeot 404, lililozinduliwa mwaka 1960. Injini yake ilikuwa ya silinda nne, na toleo lake refu la familia lilikuwa na safu tatu za viti.

Sifa yake ilithibitishwa katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba tu, na 404 ikawa ya kwanza. Ilishinda tena mwaka 1966 na 1967, ikiendeshwa na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, kisha mwaka 1968.

Leo, kati ya Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma, abiria husafiri kwa Toyota Probox, maarufu kama mchomoko. Liliingia sokoni nchini Japani mwaka 2002 likiwa gari la kazi lenye viti vitano.

Hata hivyo, uimara si usalama. Gari linaweza kustahimili mashimo na vumbi kwa miaka mingi, lakini abiria wa sita hana kiti wala mkanda.