Zabibu na Divai: Tunda Moja, Njia Mbili

Shukrani zote zinamstahiki Allah (s.w.) aliyetujaalia kuufikia mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake.

Ama baad. Ndugu zangu vijana, pamoja na wazazi wetu mnaosoma gazeti hili mkisubiri adhana ya magharibi, kuna maneno yanayozunguka sana siku hizi: ati divai nyekundu ni dawa ya moyo. Kijana wetu akitoka Kanyangi akaenda Nairobi kusoma, muhula wa kwanza haumalizi kabla hajaambiwa na wenzake, "Glasi moja tu, hata madaktari wanasema ni nzuri." Akijibu kwamba ni haramu, amejibu sawa, na jibu hilo linamtosha Muislamu. Lakini mwenzake atamwona kama mtu anayekataa tu bila kujua. Kwa hivyo tuifuate historia yenyewe tuone: hayo madai yalitoka wapi, na yaliishia wapi?

ZABIBU KABLA YA DIVAI

Tusianze kwa kulichukia tunda. Zabibu ni neema, na Qur'an imeitaja mara nyingi miongoni mwa neema za duniani na za Peponi. Katika sira tunasoma kwamba Mtume (s.a.w.) alipofukuzwa Taif kwa mawe, miguu ikitoka damu, alijisitiri katika shamba la mizabibu la wana wa Rabia, Utba na Shayba. Hao walikuwa maadui zake, lakini walimwonea huruma, wakamtuma mtumwa wao Addas, Mkristo wa Ninawi, ampelekee kishada cha zabibu. Mtume alisema Bismillah kabla ya kula, na neno hilo moja likamfungua moyo Addas. Basi siku ile ngumu kuliko nyingi za maisha yake, tonge la faraja lilikuwa zabibu.

Hata lugha yetu ina ushahidi wake. Waarabu huita tunda bichi inab, na likikaushwa huitwa zabib. Sisi Waswahili tunaita yote mawili zabibu. Jina la lile kavu ndilo lililoshika, na hii inaonyesha kwamba pwani yetu ililijua tunda hili kwanza likiwa limekauka, likija katika majahazi ya biashara kutoka Uarabuni, ndipo likaingia katika pilau na vitamu vya Idi.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akirowekewa zabibu kavu katika maji, akayanywa. Kinywaji hicho kiliitwa nabidh. Ibn Abbas (r.a.) amesimulia, katika Sahih Muslim, kwamba alikinywa siku ile, kesho yake, na kesho kutwa mpaka jioni. Kikibaki baada ya hapo, hakuendelea kukinywa, bali kilimwagwa. Kwa nini siku tatu? Leo tunajua kwamba hamira za asili hukaa juu ya ganda la zabibu. Zikikutana na sukari, maji na joto, zinaanza kazi ya kuigeuza sukari kuwa kileo. Hakuna aliyekuwa na darubini Madina, lakini mpaka uliwekwa mahali pake.

SIKU MADINA ILIPOMWAGA POMBE

Tunajua kwamba pombe haikukatazwa kwa siku moja. Suratun Nahl (16:67) ilitaja kwamba watu huchukua kutoka kwa mitende na mizabibu kileo na riziki njema. Wanachuoni wakagundua kwamba kileo kimetajwa mbali na riziki njema. Kisha ikaja Suratul Baqara (2:219), na hapa, ndugu yangu, weka alama. Aya hii haikusema pombe haina faida hata kidogo. Ilikiri kwamba zipo faida kwa watu, ila ikahukumu kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko faida zake. Baadaye Suratun Nisaa (4:43) ikakataza kuiendea swala katika hali ya ulevi, na mwisho Suratul Maida (5:90-91) ikafunga mlango kabisa.

Anas bin Malik (r.a.) alikuwa kijana siku hiyo, akiwahudumia wakubwa pombe nyumbani kwa Abu Talha. Ikasikika sauti ya mpiga mbiu. Abu Talha akamwambia aimwage. Pombe ikatiririka katika njia za Madina. Pombe yao wakati huo ilikuwa hasa ya tende, si ya zabibu. Hakuna aliyesimama kuuliza kama katazo ni la zabibu peke yake. Baadaye Umar (r.a.) alieleza juu ya mimbari kwamba pombe ya wakati ule ilitoka katika vitu vitano: zabibu, tende, asali, ngano na shayiri, na kwamba kila kinachoifunika akili ndicho khamr.

Asali! Hapa sisi watu wa Ukambani tuamke. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) alipotumwa Yemen, alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu pombe ya huko iliyoitwa bit', iliyotengenezwa kwa asali. Jibu likawa kila kinacholevya ni haramu. Sasa, bit' ya Yemen ina tofauti gani na uki wa wazee wetu, uliochachushwa kwa asali ya Kitui na tunda la mwegea, lile ambalo Wakikuyu huita muratina? Ni asali ileile na kazi ileile. Na ajabu ni kwamba katika Suratun Nahl, aya mbili tu baada ya kutajwa kileo cha zabibu na tende, ndipo asali inatajwa kuwa ina ponyo kwa watu. Ponyo lipo katika asali. Mwanadamu akiichachusha, amelitoa kwenye njia yake.

MADAI YA DAWA

Kuiita divai dawa si jambo la jana. Wagiriki na Warumi waliitumia kuosha vidonda na kuchanganyia dawa. Hata zama za Mtume, Tariq bin Suwayd (r.a.) alisema anaitengeneza kwa ajili ya dawa, akajibiwa kwamba hiyo si dawa bali ni ugonjwa. Hadithi hii iko katika Sahih Muslim.

Madai ya siku hizi yalipata nguvu Novemba 1991. Kipindi cha televisheni ya Marekani kiitwacho 60 Minutes kilieleza kwamba Wafaransa wanakula siagi, jibini na mafuta kwa wingi, lakini hawafi sana kwa ugonjwa wa moyo, na huenda siri ni divai nyekundu. Mtaalamu Mfaransa, Serge Renaud, akaandika hoja hiyo katika jarida la The Lancet mwaka 1992. Mauzo ya divai nyekundu Marekani yakaruka. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni hili: mwaka huohuo wa 1991, Ufaransa yenyewe ilipitisha sheria, maarufu kama sheria ya Évin, ya kubana matangazo ya pombe, kwa sababu pombe ilikuwa inawamaliza watu wake. Yaani wenye divai walikuwa wanaikimbia, sisi wa mbali tunaambiwa tuikimbilie.

Hoja ilikuwa na tundu tangu mwanzo. Mwaka 1988 mtafiti wa Uingereza, Gerald Shaper, alionyesha kwamba katika kundi la "wasiokunywa" wamo wengi waliokuwa wakinywa wakaacha kwa sababu walishaugua. Ukiwalinganisha hao na mtu mzima wa afya anayekunywa kidogo, bila shaka mnywaji ataonekana bora. Ni sawa na kwenda wodini, ukawakuta wagonjwa wanakunywa uji, kisha useme uji ndio unaoleta ugonjwa.

Baadaye ikashikwa kemikali moja iliyomo katika ganda la zabibu, resveratroli. Panya waliopewa kwa wingi walionekana kunufaika. Lakini katika lita nzima ya divai zimo miligramu chache tu. Mtu angehitaji kunywa mapipa ili apate kiasi cha yule panya, na pombe ingemuua kwanza. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Connecticut kilitangaza kwamba mmoja wa watafiti wake maarufu wa kemikali hiyo, Dipak Das, alikuwa amepika matokeo mara 145. Kisha mwaka 2014 ukatoka utafiti wa wazee 783 wa eneo la Chianti, Italia, nchi ya divai hasa, waliofuatiliwa kwa miaka 9. Waliokuwa na resveratroli nyingi mwilini kutokana na chakula hawakuishi zaidi kuliko wenzao, wala hawakuepuka zaidi ugonjwa wa moyo au saratani.

Upande wa pili wa mizani nao ukazidi kujaa. Tangu 1988 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani imeiweka pombe katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani: ya mdomo, koo, ini, na baadaye ikaongezwa ya matiti na ya utumbo mpana. Januari 2023 shirika hilo likasema waziwazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kilicho salama kwa afya.

Na faida ile iliyosemwa? Mwaka 1999 madaktari wa Wisconsin, Marekani, waliwapa wagonjwa wa moyo 15 maji ya zabibu nyeusi, yasiyo na kileo, kwa wiki mbili. Mishipa yao ya damu ikafanya kazi vizuri zaidi. Ni utafiti mdogo, tusiukuze, lakini unatuonyesha pa kutazama. Kama kuna kheri, iko katika tunda.

JIRANI ZETU WA DODOMA

Mtu asidhani haya ni ya Ulaya tu. Dodoma, Tanzania, ni nchi kavu kama yetu, mvua chache na jua kali. Mwaka 1957 wamisionari wa Kitaliano walipanda mizabibu Bihawana. Ikakubali, na hadi leo mkulima wa huko huvuna mara mbili kwa mwaka. Lakini soko lililojengwa kwa miaka mingi lilikuwa la viwanda vya divai. Kiwanda kisiponunua, zabibu huozea shambani, maana tunda bichi halingoji. Wapo sasa wanaozikausha na kukamua maji yake, na hiyo ndiyo njia ya pili ya tunda lilelile.

Hili linatuhusu. Mtume (s.a.w.) aliwalaani watu kumi katika pombe, wakiwemo anayekamua, anayebeba, anayeuza na anayekula thamani yake. Kijana Muislamu mwenye shamba au mizinga aulize mazao yake yanaishia wapi. Makueni wamejenga kiwanda cha kusindika maembe pale Kalamba. Asali ya Kitui nayo ina jina Kenya nzima. Riziki njema haijakosa soko mpaka tuifuate kwenye pipa la pombe.

NYUMBANI KWETU

Wazee wetu wa Kikamba, hata kabla Uislamu haujafika vijijini, walijua hatari ya uki. Ulikuwa wa wazee na wa shughuli maalum, na kijana hakuruhusiwa kuugusa. Leo mpaka ule umevunjika, na vijana ndio wanaouza na kunywa. Novemba 2000, pombe iliyochanganywa na methanoli iliua watu zaidi ya 100 Nairobi, wengi wao wa mitaa ya Mukuru, na wengine wakapofuka. Mei 2014 sumu kama hiyo ikaua makumi katika kaunti kadhaa, na Kitui yetu ikazika watu wake. Ni kweli, divai ya dukani si kitu kimoja na sumu ile. Lakini wangapi walianza na "glasi moja tu" ya kistaarabu, pesa zilipokwisha wakaishia kwenye kibuyu cha uchochoroni?

TUFUTURU NINI?

Zabibu bichi ni maji kwa takriban asilimia 80, pamoja na sukari inayorudisha nguvu haraka na potasiamu kidogo. Zikikauka, sukari huwa zaidi ya nusu ya uzito wake, kwa hivyo mwenye kisukari ale chache sana na amsikilize daktari wake. Ukipenda nabidh, roweka zabibu kavu asubuhi katika maji safi, funika, unywe magharibi. Kwa joto la Kanyangi, na kwa nyumba isiyo na friji, usingoje siku ya tatu. Ukiona povu au harufu imegeuka, mwaga.

Na kama zabibu ni ghali, maana nyingi zinazouzwa nchini hutoka Afrika Kusini na Misri, usisononeke. Ukwaju, mabuyu, maembe na mapapai yako hapahapa. Mungu hakuiweka afya ya moyo wa Muislamu wa Ukambani katika chupa ya Mfaransa.

Kwa hivyo ukiambiwa tena divai ina faida, usibishane kwa hasira. Mwambie Qur'an ilishakubali kuna faida, miaka 1400 iliyopita, kisha ikapima. Wanasayansi nao wakapima kwa njia yao, na mizani ikaanguka upande uleule. Sisi tulioacha hata maji halali mchana kutwa kwa amri ya Mola wetu, tutashindwaje kuacha haramu baada ya Ramadhan?

Allah azikubali funga zetu, awalinde vijana wetu na kila kinachofunika akili, na awape toba wale waliotumbukia, kwani mlango Wake haujafungwa. Amin. Wallahu a'lam.

Ramadhan Karim.