Nyayo Zilizofukiwa na Amana ya Msanii

Mtu akisimama Nkoma, katika nchi ya Wasukuma mkoani Simiyu, akaelekeza uso wake mashariki, mbele yake yako mapori ya Maswa, na ng'ambo ya mapori hayo zimo nyanda za Ngorongoro. Huko, mahali paitwapo Laetoli, mwaka 1978 Mary Leakey na wenzake walifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kiasi cha miaka milioni 3.6 iliyopita. Jivu la volkano lililoloweshwa na mvua lilizipokea nyayo hizo, likafunikwa na jivu jingine, hata likawa jiwe.

Mwaka 1979 zilifukiwa tena ili zihifadhiwe. Lakini hifadhi nayo ilizaa hatari: mbegu za migunga zilizokuwamo katika udongo ziliota, na mizizi ikaelekea kwenye nyayo. Ndipo Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania na Taasisi ya Getty ya Marekani zikafukua mwaka 1995 na 1996, zikaondoa mizizi, zikapiga picha za vipimo, kisha zikafukia. Basi atakaye kuziona leo hana budi kutazama mfano wake.

Hapo ndipo sanaa ya kidijitali inapopata kazi. Unyayo hupigwa picha nyingi kutoka pande zote. Kompyuta hulinganisha picha hizo, ikakokotoa upana na kina, ikatoa umbo linaloweza kugeuzwa huku na huku. Maumbo ya namna hiyo yalitengenezwa kwa nyayo nyingine, zilizopatikana mita 150 hivi kutoka zile za kwanza, ambazo Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walizitangaza Desemba 2016.

Kazi hii ina asili yake. Mwaka 1951, huko Kondoa, Mary Leakey huyo huyo alinakili michoro ya miambani kwa mkono wake, mstari kwa mstari. Lakini kompyuta humpa msanii uwezo zaidi ya kunakili: aweza kuuvika unyayo mguu, mguu kiwiliwili, na kiwiliwili uso wenye huzuni au furaha. Jiwe husema urefu wa hatua na uzito wa kisigino. Halisemi rangi ya ngozi, wala mapenzi ya moyo.

Tazama jumba la makumbusho ya viumbe jijini New York. Pale sanamu mbili huonyesha watembezi wa Laetoli, mwanamume amemwekea mwanamke mkono begani. Mkono huo haukutoka katika jiwe. Tena wachunguzi wengi waona kwamba waliopita walikuwa watatu, mmoja akikanyaga ndani ya nyayo za mwenziwe. Sanamu ya mume na mke imemfuta wa tatu, na mtazamaji huondoka akiamini kuwa ameiona historia.

Hatari hii hukua pale ambapo asili imefukiwa na mfano wenyewe huenea dunia nzima. Kwa hiyo kijana wa Simiyu atakayeshika kompyuta kuwachora wazee hawa, na abuni kwa uhuru, maana sanaa bila ubunifu ni kivuli. Bali aonyeshe wazi ni lipi lililosemwa na jiwe na ni lipi alilolitia yeye. Jiwe lililofukiwa haliwezi kujitetea.