Msumeno wa Chuma na Ukataji wa Bomba

Wahunzi wa Ufipa walikuwa na istilahi zao kamili kabla bomba la chuma halijafika kwao. Matanuru yao marefu ya udongo, yapatayo mita 3, yaliitwa malungu, nayo yalivuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma kikasafishwa tena katika kintengwe, tanuru dogo lililopulizwa kwa mivukuto. Kazi hiyo ilififia katika miaka ya 1930, majembe ya kigeni yalipozagaa, na maneno yake yakabaki kwa wazee.

Neno bomba ni la Kireno, na asili yake ni chombo cha kuvutia maji. Pande la chuma hukatwa kwa tindo na nyundo. Bomba likipigwa hivyo hubonyea. Kwa hiyo fundi wa Sumbawanga au Kaoze hulibana katika jiliwa, akalikereza kwa msumeno wa meno madogo yaelekeayo mbele, kisha akalainisha ukingo kwa tupa. Chombo hicho twakiita "msumeno wa chuma". Lakini ni msumeno gani usio wa chuma? Afadhali tuseme "msumeno wa kukerezea chuma": ni istilahi ndefu, ila haimpotezi mwanafunzi, na kitenzi kukereza tunacho tangu zamani.