Kigamboni: Ng'ambo Iliyochelewa Kuwa Mji

Wilaya ya Kigamboni, iliyo kusini mwa mlango wa bandari ya Dar es Salaam, huonekana kwa macho kutoka Kivukoni, lakini kwa zaidi ya karne moja ilibaki shamba huku Mwenge na Ubungo, zilizo mbali zaidi na Posta, katikati ya jiji, zikijengwa. Kilichoichelewesha si umbali, bali ni maji na maamuzi ya watawala.

Pwani hiyo haikuwa tupu, kwani Mbwamaji, sehemu inayojulikana leo kama Gezaulole, ilikuwa makazi ya Waswahili kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Wajerumani walipohamishia Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, ofisi, gati na baadaye reli viliwekwa ng'ambo ya pili, na Kigamboni ikaachiwa wavuvi na wakulima wa minazi na mihogo.

Kuanzia mwaka wa Uhuru zilikuja taasisi kubwa: Chuo cha Kivukoni, kilichoanzishwa mwaka 1961 kuwaandaa viongozi, kiwanda cha kusafishia mafuta cha TIPER, kilichofunguliwa mwaka 1966, na matangi ya bomba la TAZAMA, ambalo tangu mwaka 1968 limepeleka mafuta hadi Ndola, Zambia. Hata hivyo, hizo zilikuwa mali ya taifa kuliko za Kigamboni, kwa maana mkazi wa Mjimwema, mtaa wa Kigamboni, aliendelea kupanga foleni ya pantoni, yaani kivuko cha kubeba watu na magari, kama kawaida.

Pigo zito zaidi, pengine, lilitokana na nia njema. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza mpango wa kujenga Mji Mpya wa Kigamboni, na wenye ardhi wakazuiwa kuiendeleza wakingoja fidia. Miaka ikapita, mpango ukafifia, na waliopoteza muda ni wale wale waliokuwa na ramani na matofali tayari.

Daraja la Nyerere, linalounganisha Kigamboni na Kurasini na lenye urefu wa mita 680, lililojengwa kwa fedha za mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF na za Serikali, lilizinduliwa Aprili 2016, wakati ambapo Kigamboni ilikuwa ikimegwa kutoka Temeke kuwa wilaya kamili. Tozo za kulivuka zililalamikiwa hadi zikapunguzwa mwaka 2022. Pantoni nazo hazikukosa abiria, kwa kuwa kwa mtembea kwa miguu anayekwenda Posta, kuzungukia Kurasini ni safari ndefu bure.