Neno "Msaidizi": Jinsi Waafrika wa Mashariki Walivyoingia Katika Udaktari

Natumaini taa inawaka vizuri, na kila mtu ana daftari na kalamu yake mkononi. Mwalimu, tafadhali andika neno moja ubaoni kwa herufi kubwa, halafu darasa zima mlisome kwa sauti: M-SA-I-DI-ZI. Tena: MSAIDIZI. Vema.

Neno hili ni jepesi, na hakuna aibu ndani yake. Mtoto anayemchotea mama yake maji ni msaidizi. Kibarua anayempa mwashi matofali ni msaidizi. Lakini katika historia ya leo mtaona jinsi neno jepesi, likibandikwa juu ya mtu na wakubwa, lilivyoweza kumzibia njia kwa zaidi ya miaka 30. Tutazungumza habari za madaktari. Nani aliruhusiwa kuwa daktari katika Afrika ya Mashariki, na alipita njia gani?

Tuanze Karema. Wenye ramani ukutani, tafuteni Ziwa Tanganyika, kisha mpeleke kidole ufukoni upande wa mashariki, mahali ambapo sasa ni Mkoa wa Katavi. Hapo mwaka 1889 alifika kijana mmoja wa miaka 20 na kitu, jina lake Adrian Atiman. Watu wa Karema walimwona ni mweusi kama wao, lakini hakujua lugha yao, na mkononi alikuwa na vyombo vya daktari.

Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866, mbali sana, katika nchi ya mto Niger karibu na Timbuktu, nchi ambayo siku hizi inaitwa Mali. Alipokuwa mtoto mdogo aliibwa akicheza na wenzake wala hakuwaona wazazi wake tena. Akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa sokoni Algeria kama mbuzi. Mwaka 1876 mapadre wa shirika la White Fathers walimkomboa kwa fedha, wakampa shule. Mkubwa wao, Lavigerie, alikuwa na shauri lake. Aliona kwamba Mzungu anayeletwa Afrika huugua homa na kufa upesi, tena huishi mbali na watu. Basi akasema: tuwasomeshe udaktari vijana Waafrika wenyewe, wakaoe huko, wakae na watu, wale chakula chao. Mwaka 1881 Atiman na vijana wenzake wakapelekwa kisiwa cha Malta, katika bahari ya Mediterania, wakasome katika Chuo Kikuu cha huko.

Labda mmoja wenu anauliza: kwa nini Malta, mbali hivyo? Sababu ni kwamba wakati ule hapakuwa na shule hata moja ya udaktari wa hospitali katika Afrika ya Mashariki yote. Waganga wetu wa jadi walikuwapo, na ujuzi wao walifundishana mzee kwa kijana. Lakini udaktari wa kupasua, wa hadubini na wa vitabu haukuwa na mlango huku.

Atiman alimaliza masomo mwaka 1888. Akaja Unguja, akaingia bara pamoja na msafara, akatembea kwa miguu mpaka Karema. Huko alioa, akajifunza lugha, akatibu watu na kuwafundisha dini. Alikaa Karema chini ya Wajerumani, akakaa chini ya Waingereza, akaona vita kuu mbili. Mwanawe Yosefu akawa padre. Atiman mwenyewe alifariki mwaka 1956, baada ya kutibu watu wa ziwani kwa miaka 67. Hospitali moja mjini Sumbawanga imepewa jina lake.

Ni habari nzuri, na mimi huipenda kuisimulia. Hata hivyo, ifikirini. Njia aliyopita Atiman haiwezi kupitwa na mtu wa pili. Mzazi gani atakubali mwanawe aibwe na kuuzwa jangwani ili siku moja awe daktari? Watu walihitaji njia ya kawaida, ambayo mtoto wa mkulima angeweza kuianza nyumbani kwake na kuimaliza bila kutegemea bahati.

Njia hiyo ilianza Uganda. Mwaka 1922 serikali ya Waingereza ilifungua shule ya ufundi juu ya kilima cha Makerere, Kampala. Wanafunzi wa kwanza walikuwa vijana 14, wakajifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Mwaka 1924 yakaanza mafunzo ya udaktari, na wanafunzi wakafanya mazoezi katika hospitali ya Mulago, ng'ambo ya bonde. Serikali ilikuwa na haja. Daktari Mzungu alikuwa na gharama kubwa: nauli ya meli, nyumba, na likizo ndefu ya kwenda kwao. Nchi ni pana, magonjwa ni mengi, na madaktari wenyewe ni wa kuhesabu. Baadaye vijana wa Tanganyika, Kenya na Unguja nao wakapelekwa Makerere.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Kijana wa Makerere alisoma miaka mingi. Alijifunza mifupa yote ya mwili, alikaa usiku wodini, alipasua, alizalisha, alifanya mitihani. Akamaliza, akapewa cheti. Je, aliitwa daktari sawa na Mzungu aliyesoma London? Hakuitwa. Cheo chake serikalini kiliandikwa kwa Kiingereza, na kwa lugha yetu maana yake ni Mganga Msaidizi Mwafrika. Lisomeni tena lile neno lililo ubaoni.

Katika daftari walimoandikwa madaktari wa Kizungu, yeye hakuandikwa. Siku hizo mishahara ya serikali ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Nyumba pia zilipangwa hivyo. Bwana mganga mkuu alipokwenda likizo Ulaya, Msaidizi ndiye aliyebaki na wodi, na wagonjwa, na kisu cha kupasulia. Mkubwa aliporudi, Msaidizi akawa msaidizi tena. Wagonjwa hawakuijua tofauti. Kijijini kwetu kila aliyevaa koti jeupe tulimwita daktari, hata dresa wa kufunga vidonda, wala hakuna aliyemwomba cheti.

Inafaa tuwe wa haki. Waingereza walisema kwamba mafunzo ya Makerere hayajafikia kipimo cha vyuo vya kwao. Maneno hayo hayakuwa ya uongo mtupu. Shule za sekondari za Waafrika zilikuwa chache, na zenye vyumba vya kufundishia sayansi zilikuwa chache zaidi, hata Makerere yenyewe ilibidi ianze kuwafundisha wanafunzi mambo ambayo walipaswa kuja nayo. Lakini nami nauliza: shule hizo zilikuwa kazi ya nani kuzijenga? Aliyenyima ngazi asimlaumu mtu kwa kuchelewa kufika darini. Tena mafunzo yaliendelea kukua mwaka hata mwaka, na mwaka 1949 Makerere ikawa chuo kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London, bali lile neno lilikaa pale pale.

Watu waliosoma kiasi hicho na kushushwa kiasi hicho hawawezi kunyamaza. Huko Dar es Salaam, mwaka 1950, Daktari Vedasto Kyaruzi, aliyesoma Makerere, alikuwa rais wa chama cha Waafrika, TAA, chama kile ambacho mwaka 1954 kilizaa TANU. Hakuwa peke yake. Katika uongozi wa TAA miaka ile walikuwamo madaktari wengine wa Makerere. Watu husimulia sana habari za walimu katika kupigania uhuru, na ni haki yao. Madaktari husahauliwa. Lakini mtu aliyesoma kila siku juu ya mlango wa ofisi yake kwamba yeye ni msaidizi, hali yeye ndiye aliyefanya kazi, hakuhitaji mhubiri wa kumweleza ukoloni ni nini.

Mwaka 1954 tume iliyoongozwa na Lidbury ilishauri kwamba kupanga mishahara ya serikali kwa rangi kuachwe. Mwishoni mwa miaka ya 1950, baraza la madaktari la Uingereza likakikubali cheti cha Makerere kuwa ni cha daktari kamili. Hesabuni tangu 1924, mtaona kwamba wengine walizeeka wakingoja.

Na wanawake je? Najua akina mama ndio wengi katika madarasa haya, nanyi mmekuwa mkijiuliza. Mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kupata udaktari ni Josephine Namboze wa Uganda, naye alimaliza Makerere mwaka 1959. Chukueni kalamu, mfanye hesabu: 1959 toa 1924. Jibu ni 35. Miaka 35 tangu mafunzo yalipoanza ndipo akatoka mwanamke wa kwanza. Akili za wasichana hazikuwa na kasoro. Katika shule nyingi za wasichana walifundishwa kushona, kupika na usafi wa nyumba, lakini fizikia na kemia hazikufundishwa, na bila hizo mlango wa udaktari haufunguki. Aliyetaka ukunga au uuguzi alipata nafasi. Aliyetaka udaktari alipaswa kwanza kuipata sayansi, na sayansi ilikuwa upande wa wavulana.

Sasa turudi kwetu Tanganyika, Desemba 1961. Bendera imepandishwa. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba siku ile nchi ilikuwa na madaktari wake 12 tu na wahandisi wawili. Watu walikuwa wapata milioni 9. Andikeni tena: 9,000,000 gawanya kwa 12. Mwalimu, wape muda kidogo. Jibu ni 750,000. Madaktari wa Kizungu na wa Kihindi walikuwapo, lakini wengi walikaa mijini, na baadhi yao walikuwa wakifunga mizigo.

Kumtengeneza daktari huchukua miaka mingi. Mgonjwa wa homa ya mapafu huko Kibondo hangojei miaka mingi. Basi mwaka 1963 ilifunguliwa shule ya udaktari Dar es Salaam, katika hospitali iliyoitwa Princess Margaret wakati wa Waingereza, ambayo sasa ndiyo Muhimbili. Mwaka 1968 ikawa kitivo cha udaktari cha chuo kikuu, na mwaka 2007 Muhimbili yenyewe ikawa chuo kikuu kamili. Wengine walipelekwa nje. Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kuwa daktari, alisoma Moscow, akamaliza mwaka 1969. Huko mgeni alianza kwa kujifunza Kirusi, kisha ndipo akafunguliwa kitabu cha mwili wa mwanadamu. Ninyi mnaohangaika na herufi usiku baada ya kazi za shamba mtaelewa taabu yake kuliko wasomi wengi. Mwaka 1987 alianzisha chama cha madaktari wanawake Tanzania, MEWATA.

Lakini jambo ambalo mimi naliona kubwa zaidi halikufanyika chuo kikuu. Tanzania ililichukua lile neno, msaidizi, ikaligeuza matumizi. Ilitengenezwa ngazi. Kijana aliyemaliza shule ya msingi tu aliweza kusomea kazi ya zahanati ya kijijini. Akifanya kazi miaka kadhaa, akionekana anafaa, alirudi chuoni akawa mganga wa daraja la juu zaidi. Akifanya kazi tena, alirudi mara ya tatu kwa miaka miwili, akatoka Daktari Msaidizi. Wako walioendelea mpaka chuo kikuu wakapata shahada kamili, wakiwa tayari na watoto wakubwa nyumbani.

Na Daktari Msaidizi huyu hakupewa kazi ya kushika taa. Kwa miaka mingi, katika hospitali za wilaya, mama aliyeshindwa kujifungua na kuhitaji kupasuliwa, mara nyingi aliyempasua ni yeye. Watafiti walipokwenda Mwanza na Kigoma kuchunguza kazi zao, wakazilinganisha na za madaktari wenye shahada, matokeo yao waliyachapisha mwaka 2009: hawakuona tofauti kubwa kwa mama wala kwa mtoto.

Mtaona basi kwamba neno ni lile lile, wala herufi hazikubadilika. Kijana wa Makerere alilipokea mwishoni mwa masomo, likawa dari juu ya kichwa chake. Mganga wa zahanati alilipokea akiwa amepanda kutoka chini, na ngazi ilikuwa bado inaendelea. Siwaambii kwamba ngazi hiyo haikuwa na taabu. Mshahara ulikuwa mdogo, nafasi za kurudi chuoni zilikuwa chache, na wapo waliongoja barua ya kuitwa mpaka wakastaafu.

Muda wetu unakwisha. Mwalimu, somo likiisha, wape wanafunzi kazi hizi mbili. Kwanza, waandike sentensi tatu zenye neno "msaidizi", kila moja yenye maana tofauti. Pili, kila mtu akirudi nyumbani amwulize mzee mmoja: zahanati ya kwanza hapa petu ilifunguliwa lini, nani alikuwa mganga wake wa kwanza, na watu walimwitaje? Jibu aliandike mwenyewe, kwa mkono wake, alilete darasani juma lijalo. Kwaherini.