Matumizi Salama ya Njia za Uzazi wa Mpango zenye Homoni Wakati wa Kutumia Antibiotiki

Wanawake wengi wanaotumia njia za uzazi wa mpango zenye homoni huingiwa na wasiwasi wanapoandikiwa antibiotiki. Wapo wanaoacha vidonge vya uzazi wa mpango kwa kuhofia kuchanganya dawa, na wapo wanaokatisha antibiotiki kabla ya dozi kwisha. Hatua ya kwanza yaweza kuleta mimba isiyotarajiwa. Ya pili yaweza kuacha ugonjwa haujapona.

Antibiotiki zinazotumika mara kwa mara, zikiwemo amoksisilini, doksisaiklini na metronidazo, hazipunguzi nguvu ya homoni hizo. Mtumiaji huendelea na dawa zote mbili kama alivyoelekezwa. Hata hivyo, akitapika ndani ya saa 3 baada ya kumeza kidonge cha uzazi wa mpango, anapaswa kumeza kingine mapema iwezekanavyo. Kutapika au kuharisha sana kukiendelea, atumie pia kondomu na kumwona mtoa huduma.

Hali ni tofauti kwa rifampisini, dawa ya msingi katika tiba ya kifua kikuu (TB), ambayo kwa kawaida huchukua miezi 6. Dawa hiyo huchochea ini kuvunja homoni kwa kasi, hivyo kiwango chake katika damu hushuka. Vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi katika kipindi hicho, na ufanisi wa vipandikizi waweza kupungua. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo huathirika. Athari hiyo huendelea kwa takriban wiki 4 baada ya dozi ya mwisho.

Njia zinazofaa kwa mwanamke aliye kwenye tiba hiyo ni pamoja na kitanzi na sindano ya miezi 3. Anayesubiri kubadilishiwa njia anashauriwa kutumia kondomu kila mara.

Mgonjwa wa kifua kikuu hapaswi kuacha tiba kwa sababu ya uzazi wa mpango, kwani kukatisha dawa hutoa nafasi kwa vimelea kuwa sugu. Kinachobadilishwa ni njia ya uzazi wa mpango, si tiba.

Kwa kuwa huduma hizi mbili huweza kutolewa katika vyumba tofauti na watoa huduma tofauti, kila mwanamke anashauriwa kutaja dawa na njia zote anazotumia, hata asipoulizwa, kabla ya kupokea dawa mpya.