Mirija ya kaboni: Jinsi inavyokuzwa na kubeba vichocheo

MIRIJA ya kaboni ni mabomba madogo mno ambayo kuta zake ni wavu wa atomi za kaboni. Unene wa mrija mmoja huanzia takriban nanomita moja hadi makumi kadhaa, ilhali unywele wa binadamu hufikia nanomita 80,000 hivi.

Wanasayansi wa Muungano wa Sovieti, Radushkevich na Lukyanovich, walichapisha picha za nyuzi za aina hiyo mnamo 1952. Hata hivyo, zilivuma duniani baada ya makala ya Mjapani Sumio Iijima ya mwaka wa 1991.

Mirija hiyo aghalabu hukuzwa katika tanuri. Punje ndogo za chuma, kobalti au nikeli hupashwa joto la nyuzi 600 hadi 1,000 za Selisiasi, kisha gesi yenye kaboni, kama vile asetilini wanayotumia wachomeleaji vyuma, hupitishwa juu yake. Oksijeni huzuiwa kuingia, la sivyo kaboni ingeungua.

Gesi hiyo huvunjika na kaboni yake kupenya ndani ya punje. Punje inaposhiba, kaboni huchomoza ikiwa mrija. Kadiri punje ilivyo ndogo, ndivyo mrija unavyokuwa mwembamba.

Mirija hiyo hufaa kubeba vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mabadiliko ya kikemia bila vyenyewe kuisha. Kwa kuwa kichocheo hufanya kazi kwenye uso wake tu, metali ghali kama platini hugawanywa kuwa chembe ndogo sana ili isipotee bure. Lakini chembe zisizo na pa kujishikiza hugandamana, na nguvu zake zikapungua.

Mirija ina uso mpana, hupitisha umeme na hustahimili asidi nyingi. Kasoro ni kuwa kuta zake ni laini na metali haishiki vyema. Kwa sababu hiyo, mirija huchemshwa katika asidi ya nitriki ili ipate vishikizo vyenye oksijeni. Chumvi ya metali hunata hapo, kisha haidrojeni hutumiwa kuigeuza kuwa metali halisi.

Mnamo 1994, watafiti nchini Ufaransa waliripoti kuwa rutheni iliyobebwa hivyo ilifaulu kubadilisha sinamaldehidi, kiungo kinachoupa mdalasini harufu yake, kuwa alkoholi. Aidha, platini iliyobebwa na mirija imefanyiwa majaribio katika seli zinazozalisha umeme kutokana na haidrojeni.

Pamoja na manufaa hayo, ipo hatari. Utafiti wa mwaka wa 2008 ulionyesha kuwa mirija mirefu iliwadhuru panya kwa namna inayofanana na ya asbesto. Mnamo 2014, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliorodhesha aina moja ya mirija hiyo miongoni mwa vitu vinavyoweza kusababisha saratani.

Ndiposa wanaoishughulikia ikiwa vumbi hutakiwa kutumia vyombo vilivyofungwa na barakoa madhubuti, ili isiingie mapafuni.